Filta ya Oili Iliyokataa Kufunguka, na Jinsi Nilivyochagua Kifaa cha Kuitoa

Jumamosi moja ya mwezi Machi, mnamo saa tatu asubuhi, nilikuwa nimelala juu ya kipande cha katoni chini ya gari langu, Toyota Fielder yenye injini ya lita moja na nusu, katika uwanja wa kuegesha magari wa mtaa wetu hapa Buruburu, Nairobi, na oili yote ya injini ilikuwa tayari imo ndani ya beseni kando ya bega langu. Filta peke yake ndiyo iliyobaki. Niliishika kwa kiganja nikaizungusha, haikusogea. Nikaifuta kwa tambara kavu nikaishika tena, haikusogea. Nikaizungushia kipande cha msasa, upande wenye chenga ukigusa bati, nikakaza mkono mpaka kigasha kikaanza kutetemeka, nayo ikabaki vile vile kana kwamba ilizaliwa pamoja na injini.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu, na ninalitaja mapema kwa sababu ndilo lililogeuza kazi ya nusu saa kuwa kazi ya siku nzima. Nilikuwa nimemwaga oili kabla ya kuijaribu filta. Gari lisilo na oili haliwashwi, na gari lisilowashwa halifiki kwa fundi. Kwa hiyo nilikuwa nimejifungia njia ya kurudi kabla sijajua kama njia ya mbele iko wazi. Tangu siku ile utaratibu wangu ni mwingine: naanza kwa kuilegeza filta kidogo, nikishaisikia imeachia naikaza tena kwa mkono, kisha ndipo ninapoigusa nati ya sampu, ile ya chini ya injini inayofunguliwa kumwaga oili. Filta ikikataa, oili bado imo, injini bado inawaka, na ninaweza kwenda popote kutafuta msaada.

Kabla ya kusema ni kifaa gani kinafaa, ni vizuri kueleza ni nini hasa kinachoishikilia filta, kwa maana watu wengi hudhani ni hesi, yaani mifereji ya kuzungushia kama ya skrubu, iliyoshika kutu, na dhana hiyo huwapeleka kwenye dawa ya kulegeza kutu, ambayo hapa haisaidii chochote zaidi ya kulifanya bati liteleze. Filta ya kuzungusha ni kopo la bati jembamba. Mdomoni ina sahani ya chuma nene yenye hesi katikati, na kuizunguka sahani hiyo kuna raba ya mviringo inayokaa kwenye uso laini wa injini. Hesi yenyewe huwa imelowa oili muda wote na ni nadra kushika kutu. Kinachoshika ni raba. Ikiwa fundi aliifunga ikiwa kavu, bila kuipaka oili mpya, raba husuguana na chuma na kujikunja wakati wa kukazwa. Baadaye joto la injini, siku baada ya siku kwenye foleni za Jogoo Road, huifanya iwe ngumu na kugandamana na uso ule. Na ikiwa juu ya hayo iliongezwa nguvu ya spana, basi mtu atakayekuja kuifungua ana kazi.

Filta nyingi za aina hii zina maagizo yaliyochapishwa kwenye boksi au kwenye kopo lenyewe: raba ikishagusa injini, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Hiyo inatosha kabisa kuzuia oili isivuje. Lakini nilipoimulika yangu kwa tochi niliona mistari ya meno kuzunguka kopo, alama ya mnyororo wa kuzungushia filta. Gari hili lilikuwa limehudumiwa mara ya mwisho katika gereji moja kabla sijaanza kufanya kazi hii mwenyewe, na aliyeifunga hakuridhika na mkono wake. Ninaelewa hofu yake, kwa kuwa hakuna fundi anayetaka mteja arudi na oili inayodondoka. Hata hivyo mnyororo ni kifaa cha kufungulia, na sitaacha kulisema hilo.

Kifaa pekee nilichokuwa nacho asubuhi ile kilikuwa kikombe, yaani ile soketi pana ya bati inayofunika kitako cha filta na kushika mikunjo iliyo pembeni mwake. Mimi nakipenda kikombe kuliko kifaa kingine chochote. Hakiharibu kopo, hakihitaji nafasi pembeni, na kikilingana sawasawa na filta, nguvu hugawanyika katika mikunjo yote kwa pamoja. Tatizo ni neno hilo, kikilingana. Changu kilikuwa cha milimita 65 kwa 67 chenye mikunjo 14, kipimo kinachokaa kwenye filta nyingi ndogo za Toyota, nami nilikuwa nimekinunua kwa kutazama aina ya gari. Gereji ilikuwa imefunga filta ya kampuni nyingine, nene kidogo zaidi na yenye mikunjo 15. Kikombe kiligusa ukingo tu, na nilipokivuta kwa racheti, ule mpini wa kuzungushia soketi, kiliteleza kikakwangua rangi yote ya kitako. Siku ile nilijifunza kwamba kikombe hununuliwa kwa kuitazama filta iliyofungwa. Gari lenyewe haliwezi kukwambia. Hesabu mikunjo kwa kidole kabla ya kutoa pesa yako.

Nilitoka chini ya gari nikaenda kuchukua bisibisi ndefu na nyundo, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ambayo kila mtu huisimulia: toboa kopo kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha itumie bisibisi kama mpini. Jirani yangu wa nyumba ya chini, mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa mabasi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki akiota jua. Aliniona na nyundo akanyanyua mkono.

“Kijana, unakwenda kutoboa?”

“Ndiyo, mzee. Imekataa kabisa.”

“Ukishaitoboa hakuna kurudi nyuma. Leta kwanza tochi, nione nafasi uliyo nayo.”

Niliteremsha nyundo. Mzee hakuingia chini ya gari, magoti yake hayamruhusu, lakini aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza maswali mawili ambayo tangu siku ile ndiyo ninayojiuliza kila mara. La kwanza: je, pembeni mwa kopo unaweza kuingiza vidole vingapi? Kwangu viliingia viwili tu upande wa injini, na upande wa pili kulikuwa na mabomba. La pili: je, chini ya kitako kuna uwazi kiasi gani? Chini kulikuwa wazi kabisa mpaka kwenye sakafu, mara tu nilipotoa lile bamba la plastiki la kukinga matope.

Kuhusu bisibisi alinieleza jambo ambalo nilikuja kulithibitisha baadaye kwa kuifanyia majaribio filta nyingine kuukuu. Bati la kopo ni jembamba sana. Raba ikiwa imeshika kweli, bisibisi haizungushi filta. Inapasua tundu lake likawa mpasuko mrefu, kama mkebe wa nyanya unaofunguliwa kwa kisu. Kila mvuto mmoja unakuachia kopo dhaifu zaidi, kingo kali zinazokata mkono, na oili iliyobaki ndani inatiririka hadi kwenye kiwiko. Ukiitobolea karibu mno na mdomo unaweza kuligonga bomba fupi la hesi ambalo filta imejifunga kwake, na hilo likiharibika umeharibu sehemu ya injini. Ukiitobolea mbali na mdomo, kopo linajisokota huku sahani ya mdomoni ikibaki palepale. Zaidi ya yote, filta iliyotobolewa haiwezi kutumika tena hata kwa safari ya kilomita moja. Kikombe kikishindwa, mkanda ukishindwa, unaweza kurudisha oili na kuendesha gari mpaka kwa mtu mwenye kifaa bora. Bisibisi ikishindwa, umekwama.

Kwa hiyo nikanawa mikono, nikapanda matatu namba 58 hadi mjini, nikatembea mpaka Kirinyaga Road, ambako wenyeji wengi bado wanaita Grogan. Mtu akitafuta kifaa cha gari Nairobi ataanzia huko, na uzuri wake ni kwamba maduka yamepangana, kifaa kimoja unakikuta kwa sura tano tofauti. Katika duka nililoingia, muuzaji alinipangia juu ya kaunta kila kitu alichokuwa nacho cha kufungulia filta. Nilikuwa nimebeba filta yangu mpya, na nilimwomba aniruhusu kukijaribu kila kifaa juu yake bila kuikwaruza. “Jaribu tu, kaka, hakuna shida,” akasema, akaendelea kuwahudumia wengine.

Cha kwanza kilikuwa ukanda wa chuma wenye mpini uliobanwa kwa bawaba, kile ambacho wengi wetu tulikiona kwa wazazi wetu. Ni rahisi na kinashika vizuri, lakini kila ukanda una vipimo vyake vichache, na mpini wake hutokeza pembeni, kwa hiyo unahitaji nafasi ya kuuyumbisha kushoto na kulia. Mimi nilikuwa na vidole viwili. Koleo ya filta, ile kubwa yenye taya zilizopinda na meno, ilikuwa na shida ileile, ijapokuwa kwa gari ambalo filta yake iko wazi upande mmoja ningeichagua bila kusita, maana taya zake unaweza kuziweka karibu kabisa na mdomo, mahali ambapo sahani nene inalizuia kopo lisibonyee.

Hapo ndipo penye siri ya kazi hii yote, nami naomba nikazie hapo. Kopo lina nguvu mahali pawili: mdomoni, palipo na sahani, na kitakoni, palipo na mkunjo wa bati. Katikati ni kama mkebe mtupu. Kifaa chochote kinachobana kutoka pembeni kikiwekwa katikati kitalibonyeza kopo, na likishabonyea kipenyo chake kinabadilika, kifaa kinapoteza mshiko, na unaanza kukisukuma juu na chini ukitafuta mahali pazuri ambapo hapapo tena. Mkanda, mnyororo, ukanda na koleo, vyote viwekwe karibu na mdomo kadiri nafasi inavyoruhusu.

Mkanda wa kitambaa kizito wenye nondo ya pembe nne, unaozungushwa kwa racheti ya nusu inchi, ulinivutia sana. Unashika filta ya ukubwa wowote, ya gari dogo na ya lori, na hauachi alama. Udhaifu wake ni oili: tone moja kati ya mkanda na bati linatosha kuufanya uteleze, na chini ya gari langu kila kitu kilikuwa kimelowa. Tena una upande. Ukiuzungusha vibaya, kila unapovuta unalegea badala ya kukaza, na mtu aliyelala chali gizani huweza kuuvuta hivyo kwa dakika kumi bila kujua kosa liko wapi. Mnyororo ulikuwa mkali kuliko vyote, unauma bati kweli kweli, lakini unahitaji nafasi ya kupita kuzunguka kopo lote, nami nilishaziona alama zake za kutosha.

Cha mwisho kilikuwa makucha matatu. Hiki ni kifaa chenye miguu mitatu inayoendeshwa na gia ndogo katikati, nawe unakichomeka kwenye racheti. Kadiri unavyozungusha ndivyo miguu inavyojikaza kulishika kopo. Kinaingia kutoka kitakoni, kwa hiyo hakihitaji nafasi pembeni zaidi ya unene wa mguu wake, na kwa kutumia kirefushio unaweza kuutoa mpini nje kabisa ya msongamano wa mabomba. Kingine ninachokipenda ni kwamba hakijali idadi ya mikunjo wala kampuni iliyotengeneza filta. Kwa nafasi niliyokuwa nayo, vidole viwili pembeni na uwazi mtupu chini, jibu lilikuwa lile.

Makucha nayo hayafanani. Muuzaji alikuwa na ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na miguu mifupi ya bati lililokunjwa, na nilipoishika na kuitikisa miguu ilicheza kama meno ya mtoto. Nilipoizungusha juu ya filta ikapanuka na kuteleza. Ya pili ilikuwa ya chuma kizito, miguu mirefu inayofika zaidi ya nusu ya kopo, na gia yake haikuwa na mchezo. Nilichukua ya pili, pamoja na mkanda kwa ajili ya siku nyingine, na vyote viwili havikufikia bei ya kopo la lita nne za oili niliyokuwa nimenunua.

Nilirudi nyumbani saa nane mchana. Kabla ya kulala chini nilikagua upya stendi zilizoshikilia gari na mawe niliyoyaweka nyuma ya matairi, kwa sababu unapovuta kwa nguvu chini ya gari unalitikisa, na jeki peke yake haifai kuaminiwa hata kwa dakika moja. Nikaifuta filta kwa dawa ya kusafishia breki mpaka bati likawa kavu. Nikasukuma makucha juu kadiri yalivyoweza kufika, nikachomeka kirefushio cha inchi sita na racheti.

“Unajua unaizungusha wapi?” mzee akauliza kutoka kwenye kiti chake.

Lilikuwa swali la haki. Filta hufunguka kinyume na mshale wa saa, ukiwa umekitazama kitako chake uso kwa uso. Aliyelala chini akitazama juu hana shida, lakini anayeingiza mkono kutoka juu ya injini, akiwa upande wa mdomo wa filta, anauona mzunguko huohuo kinyume, na wengi wameikaza filta kwa nguvu zao zote wakidhani wanaifungua. Nilichora mshale kwenye kitako kwa kalamu ya wino mzito.

“Sasa vuta polepole,” akasema, “usiishtue.”

Nikavuta polepole. Makucha yalijikaza, bati likatoa mlio wa kubonyea, na kwa sekunde kadhaa niliamini kwamba miguu ingelipasua kopo. Niliendelea kuongeza uzito kidogo kidogo bila kutikisa. Kisha raba ikaachia: mlio mfupi, mkavu, kama wa bawaba isiyotiwa mafuta, na racheti ikasogea upana wa kidole. Mvuto wa pili ulikuwa mwepesi. Wa tatu niliufanya kwa mkono mtupu, huku oili nyeusi ikishuka taratibu kwenye kifundo cha mkono wangu. Juu ya kopo kulikuwa na vibonyeo vitatu vya kina, vimepangana sawa, na bati halikuwa limetoboka mahali popote.

Nilipoigeuza nione mdomo wake, raba haikuwemo. Ilikuwa imebaki juu, imegandamana na injini, pete nyeusi isiyoonekana kirahisi katikati ya uchafu. Ningefunga filta mpya juu ya raba ile kuukuu, ingeshika vizuri kwa muda mfupi, kisha mgandamizo wa oili ungeisukuma nje mojawapo, na injini ingeweza kumwaga oili yake yote barabarani kwa dakika chache. Niliibandua kwa kucha na kipande cha kadi ya plastiki, bila kutumia bisibisi, ili nisikwaruze uso ule laini. Nikaupangusa, nikapaka oili mpya kwenye raba ya filta mpya, nikaizungusha mpaka ikagusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono wangu, nikatia lita 3.7 za oili, nikawasha injini na kutazama chini kwa tochi. Palikuwa pakavu.

Wenye injini nyingine wasiyachukue haya yote kama yalivyo. Fielder au Premio ya lita 1.8 yenye injini ya 2ZR haina kopo la kuzungusha. Ina karatasi ya kuchujia ndani ya kifuniko cha plastiki, na makucha, mnyororo au koleo vitakipasua kifuniko hicho. Pale kikombe cha milimita 64 chenye mikunjo 14 ndicho kifaa, na wakati wa kufunga nguvu ya kukaza ni nyutoni mita 25 tu. Subaru za miaka ya karibuni zenye injini ya FB zina filta juu kabisa, mbele ya macho yako, hivyo kikombe kinatosha; zile za zamani za EJ filta yake iko chini karibu na mabomba ya moshi, na mtu asiiguse mpaka mabomba hayo yapoe. Na kwa yule ambaye kopo lake limeshapasuka likabaki sahani tupu, iko njia ya tindo ndogo na nyundo, kuigonga sahani ukingoni ikizunguka kinyume na mshale wa saa, mapigo madogo madogo na tindo ielekezwe mbali na uso wa injini. Ni kazi ya subira, na ni afadhali aliyewahi kuifanya ndiye aishike nyundo.

Mwezi Agosti, baada ya kilomita 5,000, nililala tena kwenye katoni. Safari hii nilianza na filta, oili ikiwa bado imo ndani ya injini. Kikombe cha mikunjo 14 kilikaa sawasawa, kwa maana filta nilikuwa nimeichagua na kuifunga mwenyewe, na mvuto mmoja wa racheti ulitosha. Mzee alikuwa kwenye kiti chake.

“Imetoka?”

“Imetoka, mzee.”

“Na raba?”

Nikanyoosha mkono kutoka chini ya gari nikamwonyesha filta, mdomo juu, raba ikiwa imekaa ndani ya mfereji wake.